Morfini ya Alton Nellis

Daktari Wendell Garlock hakuwa na deni. Hakuwa na kadi ya kukopea, wala rehani ya nyumba, wala gari la kulipia kidogo kidogo. Lori lake dogo alilinunua kwa fedha taslimu, na lililolitangulia vilevile. Hakuwa na simu ya mkononi. Hakuwa na mke tangu Marian alipofariki, wala mtoto, wala daktari mwenzake wa kugawana naye kazi. Hakuwa na kitambulisho cha hospitali yoyote, kwa sababu hospitali ya wilaya ilipofungwa alikataa kuhamia ile kubwa ya mjini. Hata anwani inayoeleweka hakuwa nayo, ingawa alikuwa akilala nyumba ile ile tangu alipooa. Barabara yake ilikuwa haina jina, ina namba tu ya tarishi. Baadaye wilaya ikaibatiza Barabara ya Kijito ili magari ya wagonjwa yasipotee, na muda wote huo barua zake zilikwenda kwenye sanduku la posta.

Mapungufu hayo yalikuwa fahari yake. "Asiyedaiwa hulala," alipenda kusema, na sisi watu wa Harter Hollow tulitikisa vichwa kukubali, ingawa wengi wetu benki ilikuwa inatudai mpaka ndama waliokuwa bado tumboni.

Kisha ikaja sheria mpya. Dawa kali za maumivu, zile zinazodhibitiwa na serikali, zisiandikwe tena kwenye karatasi. Ziandikwe kwenye kompyuta, ziende moja kwa moja kutoka kwa daktari hadi duka la dawa, na daktari aweke saini yake kwa vitu viwili: neno la siri analolijua yeye peke yake, na kifaa kidogo chenye namba zinazobadilika, anachokishika yeye peke yake. Kabla ya kupewa kifaa hicho, kampuni moja ilipaswa kuhakikisha kwamba yeye ndiye yeye.

Garlock hakuichukia sheria. Karatasi zake mwenyewe ziliwahi kuibwa na kughushiwa saini. Aliwahi kusimama makaburini na wazazi wa vijana waliomeza vidonge vya babu zao. "Ni sheria nzuri," alimwambia nesi wake, Verna Klock, aliyekuwa naye tangu nywele zao wote wawili zikiwa nyeusi. "Ila nimechoka." Kwa hiyo kila mwaka aliomba ruhusa maalumu ya kuendelea na karatasi, na kila mwaka akapewa. Safari hii jibu la makao makuu ya jimbo lilikuwa na sentensi mbili: ruhusa inakwisha mwisho wa Januari, na haitaongezwa.

"Staafu basi," Verna alimwambia. "Nenda Florida ukaote jua kama wazee wenzako."

"Nikistaafu, nani atamtazama Alton?"

Verna akarudi kwenye kazi yake.

Alton Nellis alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko juu, mwisho wa barabara ya mlimani. Saratani ilikuwa imeanzia chini ikapanda hadi kwenye mifupa. Alikuwa amekataa kurudi hospitali, na shirika la kuwatunza wagonjwa wa mwisho majumbani lilisema bonde letu liko mbali na wauguzi wake ni wachache. Kwa hiyo kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, karibu na jiko la kuni, mahali ambapo angeweza kuliona banda lake dirishani, na Garlock ndiye aliyepanda kwenda kumtazama, na morfini aliyoandika Garlock ndiyo iliyomwezesha kulala.

"Umechelewa," Alton alisema siku daktari alipokwenda kumweleza habari za ruhusa iliyokatwa. "Ungekuwa mkamuaji, ng'ombe wangekwisha kukauka."

"Theluji, Alton."

"Theluji! Kwani imeanza kuanguka jana duniani?"

Bernice, mkewe, alileta kahawa, akamwambia mumewe aache maneno. Garlock alieleza habari ya kompyuta na kifaa. Alton alisikiliza macho yake yakiwa kwenye banda.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Binti zangu wawili uliwapokea wewe, kwa mikono hiyo hiyo. Mimi utanisindikiza upande wa pili. Huko mjini waliniwekea madaktari wapya kila asubuhi, kila mmoja ananiuliza nimezaliwa lini. Sitaki mgeni humu ndani."

"Hataingia mgeni."

"Sema tena, Bernice asikie."

"Hataingia mgeni, Alton. Nitakuja mimi."

Garlock hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Aliporudi alimwomba Verna awashe kompyuta na kufungua ukurasa wa ile kampuni.

Verna alisoma kwa sauti, miwani ikiwa puani. "Tutakuuliza maswali machache ambayo ni wewe tu unayeweza kuyajibu. Swali la kwanza: ni mwaka gani ulichukua mkopo wa boti ya injini?"

"Boti ipi?"

"Wanauliza wao, siulizi mimi. Kuna miaka minne, halafu kuna 'Sikuchukua'."

"Mimi huugua hata nikipanda mtumbwi bwawani. Bonyeza sikuchukua."

"La pili. Lipi kati ya magari haya liliandikishwa kwa jina lako? Kuna moja la michezo, jekundu, la viti viwili."

"Hakuna hata moja."

"La tatu. Umewahi kuishi katika mtaa upi kati ya hii? Mtaa wa Pelikani, Mtaa wa Machungwa..." Verna akavua miwani. "Wendell, huyu ni Dell!"

Dell, kifupi cha Wendell, alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Garlock. Alipewa jina la baba yake mkubwa kwa heshima, akakua, akahamia Florida, na sasa alikuwa akiuza mabwawa ya kuogelea, akiwa na madeni kila upande aliogeukia. Jina lao lilikuwa moja, herufi kwa herufi.

"Wamekutafuta wewe hawakukuona," Verna alisema. "Mtu asiyekopa haonekani. Basi wakakuazima maisha ya Dell."

"Jibu ukweli," Garlock alisema.

Verna akajibu ukweli, swali kwa swali. Mashine ilifikiri kidogo, ikaandika: Samahani. Hatukuweza kuthibitisha kwamba wewe ni Wendell Garlock.

Alipiga simu kwenye kampuni hiyo. Baada ya muziki mrefu alipokelewa na sauti ya mwanamke mpole.

"Una bili ya simu ya mkononi kwa jina lako, bwana?"

"Sina."

"Mkopo wa nyumba?"

"Sina."

"Kadi yoyote ya kukopea? Hata ya duka?"

"Sina, mama. Nimelipa kila kitu."

"Hongera sana, bwana," mwanamke alisema, na ilionekana amemaanisha. "Lakini mfumo wetu hauoni mtu hapo. Kuna hospitali iliyokuajiri? Hospitali huweza kuwathibitisha watu wake."

"Ilifungwa."

"Basi jaribu tena maswali kesho. Siku nyingine hubadilika."

Hayakubadilika. Lakini kesho yake Garlock alirudi kutoka kwa akina Nellis akiwa amechelewa, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kuvua koti, theluji ikimyeyukia kwenye viatu. Asubuhi hiyo Alton alikuwa ameuma taulo wakati Bernice akimgeuza. Dozi ilibidi ipandishwe, na karatasi zilikuwa zimebakiwa na siku chache za uhai.

"Soma," alimwambia Verna.

"Ni yale yale. Boti."

"Unaujua mwaka?"

Verna alimtazama kwanza. "Mwaka ule aliotutumia picha ya Krismasi akiwa juu yake. Amevaa kofia ya nahodha na kaptura."

"Bonyeza huo."

"Wendell."

"Nani mwingine anaidai kazi hii, Verna? Dell ataandika dawa? Mimi ndiye daktari, wao ndio waliokosea kumbukumbu. Bonyeza. Na lile gari jekundu. Na Pelikani."

Mashine ikafikiri. Kisha ikatoa alama ya kijani: Hongera. Wewe ni Wendell Garlock. Kifaa chako kitatumwa kwenye anwani iliyo katika kumbukumbu zetu.

Verna alianza kupiga makofi, kisha mikono ikamwishia njiani. Garlock alikuwa bado anaitazama ile alama.

"Jana nilisema kweli, sikuwa mtu," alisema. "Leo nimedanganya, nimekuwa mtu." Akainuka, akavua koti, akaenda kumtazama mtoto wa shule aliyekuwa akikohoa chumba cha pili. Yeye na Verna hawakujiuliza ni anwani ipi iliyokuwa katika kumbukumbu hizo. Watu waliochoka hushukuru mlango ukifunguka, hawaulizi unaelekea wapi.

Februari ikaingia, kifaa hakikuja. Garlock aliandika karatasi, akaipeleka mwenyewe duka la dawa. Mfamasia alikuwa Elwin Loucks, mtu mnene mwenye sauti nzito, ambaye Jumapili husimama kando yake kwenye kwaya ya kanisa.

Elwin aliisoma karatasi, akairudisha juu ya kaunta kwa ncha ya kidole.

"Siwezi, Daktari."

"Unanijua, Elwin."

"Nakujua. Mkaguzi ndiye asiyekujua."

"Ni ya Alton."

"Najua ni ya Alton! Unadhani nafikiri ni yako?" Elwin alishusha sauti kwa sababu kulikuwa na mwanamke akichagua kadi za siku ya kuzaliwa. "Iko njia ya dharura. Karatasi, dawa ya siku tano, sababu uiandike kwa mkono wako. Lakini mara moja. Nikiirudia, mimi na wewe tutaimba kwaya gerezani, na huko nasikia hawana besi."

"Nipe hiyo ya dharura."

Siku hizo tano zilipita kama zinavyopita siku ambazo mtu anazihesabu. Theluji kubwa ilitangazwa redioni, ikaja, ikaendelea. Siku ya Ijumaa, simu ya zahanati ililia, Verna akaipokea, akasikiliza, akamkabidhi daktari.

"Baba mkubwa!" Ilikuwa sauti ya Dell, na nyuma yake kulikuwa na muziki na watu wakicheka. "Habari za huko barafuni? Hajafa mtu kwa baridi?"

"Bado. Unasemaje, Dell?"

"Kuna kitu nimeletewa hapa. Kidogo, kama kishikio cha funguo. Kina namba, halafu zinabadilika zenyewe. Kwenye bahasha wameandika Daktari Wendell Garlock. Hapa dukani wameanza kuniita daktari, baba mkubwa, mmoja ameshanionyesha goti lake."

Garlock alikaa. "Kimekuja kwako."

"Kimekuja kwangu. Umeanza lini kutumia anwani yangu?"

"Ni hadithi ndefu. Unaweza kukituma leo?"

"Nimekwisha uliza. Wanasema kwenu ndege hazitui. Jumatatu, pengine Jumanne."

Dawa ya Alton ilikuwa inakwisha Jumamosi asubuhi. Verna, aliyekuwa akisikiliza bila kujificha, aliandika kitu kwenye karatasi, akamsogezea: AKUSOMEE.

Garlock alikisoma kikaratasi kile kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta. Akafungua jina la Alton Nellis, akaandika morfini, kiasi, mara ngapi. Akaweka neno lake la siri. Kikatokea kisanduku cheupe cha kuingizia namba, na chini yake maandishi madogo: Kwa kuingiza namba hii natia saini kisheria. Nakiri kwamba kifaa kiko mikononi mwangu na hakuna mwingine anayekitumia.

"Nisomee, Dell. Polepole."

"Nne. Nane. Moja. Sifuri..."

"Sifuri?"

"Sifuri. Tatu... aa, zimebadilika! Zinakimbia hizi."

"Anza upya."

"Basi andika haraka, baba mkubwa, usitafute kila herufi kama unaokota mayai. Saba, mbili, mbili, tisa, tano, nne."

Safari hii ziliingia zote. Kilichobaki ni kubonyeza. Verna alikuwa ameshika mgongo wa kiti, naye Garlock alisikia kupitia simu mtu akiuliza huko mbali, "Na mimi nione."

"Dell," alisema. "Huyo ni nani?"

"Mteja. Kifaa kipo hapa mezani tangu juzi, kila anayepita anakichezea. Namba zinawafurahisha."

"Tangu juzi?"

"Nilidhani ni zawadi ya benki."

Namba kwenye kisanduku zikageuka nyekundu. Muda wake ulikuwa umepita. Garlock hakuomba nyingine. Aliuondoa mkono juu ya kibodi, akauweka mapajani kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kitie ndani ya soksi," alisema. "Kifungie kabatini. Usimwonyeshe mtu, usimsomee mtu, hata mimi. Hata nikikuomba."

"Baba mkubwa, kwani ni cha nini?"

"Ni saini yangu," Garlock alisema, akakata simu.

Verna alikuwa amekasirika mpaka shingo imemwiva. "Na Alton? Soksi hiyo itamtuliza Alton?"

"Piga simu kampuni, wakifute kile kifaa."

"Nimekuuliza, na Alton?"

"Kisha nitafutie namba ya yule binti wa kliniki ya barabara kuu."

Yule binti alikuwa Colleen Tefft, mwanamke aliyekaribia miaka arobaini. Hakuwa daktari, alikuwa muuguzi aliyesoma zaidi hadi akapewa ruhusa ya kutibu na kuandika dawa, tabibu kamili. Alipofungua kliniki yake alikuja kumsalimu Garlock na pai ya tufaha mkononi. Garlock alikula pai, akamrudishia sahani kupitia kwa Verna, na hakwenda kumsalimu.

"Bi Tefft? Garlock hapa."

"Daktari Garlock. Nilidhani namba yangu huna."

"Verna anayo. Nina mgonjwa wa saratani ya mifupa, Alton Nellis. Mashine imenikataa. Dawa yake inakwisha kesho asubuhi. Nikikupa maelezo yote, dozi, vipimo, kila kitu..."

"Siandiki morfini kwa mtu nisiyemgusa."

"Ndivyo ningejibu mimi."

"Sasa kwa nini umeuliza?"

"Nimechoka, binti."

"Usiniite binti."

"Nimechoka, Bi Tefft."

Alimsikia akivuta droo, akitafuta funguo. "Barabara ya mlimani imeondolewa theluji?"

"Nusu."

"Nina gari la kupanda huko. Nakuja kukuchukua, wewe usiendeshe. Na faili lake uje nalo, usiniletee maneno ya kichwani."

Njiani Colleen aliendesha vizuri na hakuhitaji kuambiwa wapi barabara inapinda. Walipofika, Bernice alifungua mlango, akamwona mwanamke nyuma ya daktari, akaelewa kabla ya kuelezwa, akasogea wapite.

Alton alikuwa amelala ubavu, uso wa rangi ya majivu. Macho yake yalihama kutoka kwa Garlock yakaenda kwa mgeni, yakarudi.

"Huyu nani?"

"Ni tabibu Tefft. Kuanzia leo atakuandikia dawa yeye."

"Ulisema hataingia mgeni."

"Nilisema."

"Bernice alisikia."

"Alisikia. Nimeshindwa, Alton. Wanataka mtu ambaye mashine inamtambua. Mimi hainitambui. Nilijaribu kwa ukweli, nikajaribu na kwa njia ambayo singependa uijue. Nimebaki na njia hii."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Alton alifumba macho, na kwa muda ilionekana hatayafumbua mpaka watu waondoke.

"Mimi mwenyewe siku hizi nikijitazama kiooni sijitambui," alisema hatimaye. Akafumbua jicho moja kwa Colleen. "Wewe baba yako nani?"

"Marvin Tefft. Wa kiwanda cha mbao."

"Marvin aliyenizidi bei ya trekta kwenye mnada wa akina Fink?"

"Huyo huyo. Ipo mpaka leo. Haiwaki."

"Bernice," Alton alisema, "huyu si mgeni, huyu ni adui. Mpe kahawa."

Colleen hakunywa kwanza. Alipasha mikono juu ya jiko, kisha akamshika mgonjwa: mgongo, nyonga, visigino. Aliuliza maumivu yanaanzia wapi na huja saa gani, akamuuliza Bernice habari za choo bila kuona haya, akalisoma faili la Garlock ukurasa kwa ukurasa huku akiwa amesimama. Garlock alikaa pembeni na kofia yake magotini. Hakuwa amewahi kukaa upande ule wa chumba.

"Dozi yako nzuri," Colleen alimwambia. "Nisingeibadili. Nitaongeza kitu cha kulainisha tumbo." Akatoa simu yake mfukoni, akaitazama, akaizungusha hewani. "Hapa hakuna mtandao kabisa?"

"Tutani," Bernice alisema. "Binti zangu wakija hupandia huko."

Banda la Nellis limejengwa kama mabanda mengi ya kwetu, lina tuta la udongo nyuma yake linalopanda hadi ghorofa ya nyasi kavu. Colleen alitoka, akazama theluji hadi magotini, akapanda.

"Anafanya nini?" Alton aliuliza, kwa kuwa hakuweza kuinua kichwa.

Garlock alisogea dirishani. "Amesimama juu ya tuta lako. Ameinua mkono."

"Ameinua mkono kufanya nini?"

"Anatafuta mtandao. Utadhani anaomba mvua."

"Mwambie inatosha hii tuliyo nayo."

Alimwona akivua glavu kwa meno, akiweka kidole gumba kwenye kioo cha simu, iliyokuwa ndiyo kifaa chake cha saini, akisubiri, kisha akiandika neno lake la siri kwa kidole kilichokwisha kuganda. Pale juu, kwenye upepo, hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameishika ile simu. Aliporudi alikuwa na theluji kwenye nyusi.

"Imekwenda," alisema.

Bernice alipiga simu ya waya kwa Elwin, na Elwin akasema anayo mbele yake, anaipakia, mje kabla theluji haijafunga daraja. Wanawake wawili wakaondoka pamoja kwa gari la Colleen. Garlock akabaki.

Alikaa kwenye kiti cha Bernice karibu na kitanda. Nje, mkamuaji wa jirani alikuwa akiwaingiza ng'ombe.

"Sasa wewe," Alton alisema, "kazi yako hapa ni nini?"

"Sina."

"Dawa huandiki."

"Siandiki."

"Kupima, amekwisha pima yeye."

"Na amepima vizuri."

Alton alivuta pumzi, maumivu yakapita usoni mwake, yakaenda. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi ukashika ukingo wa kiti, si mkono wa daktari.

"Basi kaa," alisema.

Garlock alikaa mpaka dawa ilipofika, akakaa tena mpaka ilipoanza kufanya kazi, na Colleen ndiye aliyemrudisha bondeni.

Jumatatu alikuja zahanati mapema, akachukua karatasi yenye jina lake juu, akaandika kwa kalamu ya wino. Verna alisimama nyuma yake akisoma, jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kukatazwa.

Ilikuwa barua kwa ofisi ya serikali kuu inayosimamia dawa hizi. Ilisema kwamba yeye, Wendell Garlock, alijibu maswali ya utambulisho kwa habari za mtu mwingine, akijua; kwamba kifaa chake cha saini kilikaa mezani kwa watu kwa siku kadhaa; kwamba hakuna cheti cha dawa kilichosainiwa nacho, ila alifika hatua moja kabla ya kusaini; kwamba nesi wake alisoma maswali tu na lawama yote ni yake. Anarudisha cheti chake cha kuandika dawa zinazodhibitiwa. Wagonjwa wake waliokuwa wakizitumia wamehamishiwa kwa tabibu C. Tefft, ambaye amewaona au atawaona wote kabla ya kuwaandikia.

"Mimi ndiye niliyebonyeza," Verna alisema. "Na kikaratasi cha akusomee nilikiandika mimi."

"Sijaona kikaratasi chochote."

"Watakunyang'anya na leseni yenyewe, mzee."

"Huenda."

"Ungenyamaza tu. Kifaa kimefutwa. Nani angejua?"

"Dell angejua. Na wewe." Alipuliza wino ukauke. "Halafu siku ingekuja nimkabili mtu aliyeghushi karatasi yangu, nimwambie nini?"

Verna alikwenda ukutani, akakishusha kile cheti kutoka kwenye fremu yake. Pale kilipokuwa ukuta ulikuwa na mraba mweupe zaidi kuliko pengine pote. Alikifuta vumbi kwa mkono wa sweta, ingawa hakikuwa na vumbi, akampa. Garlock akakikunja mara mbili pamoja na barua.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa ukale. Alilamba mara mbili haikushika, akaipiga utepe wa bandeji, ule mweupe wa hospitali, kutoka ncha hadi ncha, akaukandamiza kwa kidole gumba. Verna akabandika stempu. Kisha Garlock akavaa koti, akavuka barabara katikati ya marundo ya theluji hadi kwenye sanduku la posta, akafuta barafu kwenye mdomo wa sanduku, akaitumbukiza barua.